Hadhrat Salman Mwajemi r.a. na Haki ya Walio Karibu Nasi

Ndugu msomaji, litajwapo jina la Hadhrat Salman Mwajemi r.a., wengi hukumbuka handaki lililochimbwa Madina, na wengine hukumbuka safari yake ndefu ya kuitafuta dini ya kweli. Wasomaji wa gazeti hili hukumbuka pia siku ile Mtume Mtukufu s.a.w. alipoulizwa ni watu gani waliotajwa katika Sura Al-Jumua, naye akaweka mkono wake juu ya Salman na kueleza ya kuwa hata kama imani ingepaa mpaka kwenye Kilimia, angalikuwako mtu katika watu wa huyu wa kuifikia. Hayo yote ni mambo makubwa, na yameandikwa mara nyingi. Lakini liko jambo jingine katika maisha ya mtu huyu ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ni namna alivyowapa wakati wake wale aliowapenda.

Huenda wewe usomaye umeingia katika Uislamu karibuni, au ungali unachunguza. Moyo wako una hamu kubwa. Wataka kusali zaidi, kufunga zaidi, kusoma zaidi, na kuhudhuria kila darasa. Hayo ni mema, na asikuvunje moyo mtu yeyote. Lakini nyumbani yuko mke akungojaye na chakula kimekwisha poa. Yuko mama ambaye siku hizi habari zako huzipata kwa jirani. Yuko rafiki wa zamani ambaye sasa wampungia mkono kwa mbali tu. Je, watu hao wana haki gani juu ya saa zako? Swali hili si dogo. Lilijibiwa katika siku za Mtume s.a.w. mwenyewe, na aliyelijibu alikuwa mtu asiyekuwa na baba, mjomba wala kabila katika mji wote wa Madina.

Mapenzi yaliyofunga mlango

Salman alizaliwa Uajemi, katika kijiji kilichoitwa Jayy, karibu na mji wa Isfahan. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji na mwenye mashamba, na dini yao ilikuwa ile ya Majusi. Salman mwenyewe amesimulia kwamba baba yake alimpenda kuliko viumbe vyote, na kwa wingi wa mapenzi hayo akamweka ndani kama mwali awekwavyo. Kazi yake ilikuwa kuutunza moto mtakatifu, asiuache uzimike hata kidogo.

Siku moja baba alikuwa na shughuli ya ujenzi, hivyo akamtuma kijana kwenda kulitazama shamba, akamsisitizia asichelewe. Njiani Salman alipita karibu na kanisa, akasikia sauti za watu wakisali. Alikuwa hajapata kuona sala ya namna ile. Akaingia, akapendezwa, na shamba likamtoka moyoni. Alikaa pale mpaka jua likatua. Aliporudi alikuta baba amekwisha peleka watu kumtafuta. Salman hakuficha neno. Alieleza aliyoyaona, na ya kwamba ameiona dini ile kuwa bora kuliko yao. Baba akaingiwa na hofu, akamtia minyororo miguuni na kumfunga nyumbani.

Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Baba huyu hakukosa mapenzi. Wala huwezi kusema kuwa alimnyima mwanawe wakati, maana kijana alikuwa mbele ya macho yake mchana na usiku. Lakini siku mwana aliporudi na habari iliyoujaza moyo wake, baba hakuketi kumsikiliza, bali alitafuta chuma. Watu wawili waweza kulala chini ya paa moja miaka ishirini na kila mmoja asijue kilicho moyoni mwa mwenzake. Baba wa Salman alidhani kuwa karibu na mtu ni kumshika asitoke, na kwa kumshika hivyo akampoteza. Kijana alipeleka habari kwa Wakristo wale kwa siri, na msafara wa kwenda Shamu ulipopatikana aliivua ile minyororo, akaondoka nao.

Wazee aliowatumikia

Huko Shamu alimtumikia askofu mmoja ambaye kumbe alikuwa mtu mwovu. Alikusanya sadaka za maskini na kujilimbikizia, hata alipokufa ikaonekana mitungi saba ya dhahabu na fedha. Mwingine angeliona mkosi huo akavunjika moyo na dini zote. Salman hakufanya hivyo. Baada ya huyo aliwekwa mzee mwingine, mchaji Mungu kwelikweli, na Salman akampenda upendo ambao hakupata kumpenda mtu kabla yake. Alikaa naye mpaka mauti yalipomjia mzee yule, na hapo ndipo alipomwuliza amfuate nani baada yake. Akaelekezwa kwa mtu wa Mosul. Alikaa na huyo naye mpaka akafa, kisha akaelekezwa Nisibin, na kutoka Nisibin akaelekezwa Ammuria, katika nchi ya Warumi.

Yapime hayo vizuri. Kijana huyu alikuwa na haraka kuliko sisi sote, kwa sababu aliutafuta uwokovu wa roho yake. Hata hivyo hakuwatumia wazee wale kama mtu anunuaye chumvi dukani, akiipata akaenda zake. Alikaa nao. Aliwahudumia katika uzee wao na kuwa kando ya vitanda vyao katika saa ya mwisho. Na neno alilolihitaji kuliko yote, yaani habari ya njia ya mbele, alilipata kila mara pale kitandani. Asiyekuwa na subira ya kukaa na mzee mpaka mwisho asingelisikia.

Mzee wa Ammuria hakumwelekeza kwa mtu mwingine. Alimwambia kwamba umekaribia wakati wa kutokea Nabii katika dini ya Ibrahimu, ambaye atahamia nchi ya mitende iliyo kati ya ardhi mbili za mawe meusi. Nabii huyo hatakula sadaka bali atakula zawadi, na kati ya mabega yake itakuwako alama ya unabii. Salman alikuwa amejipatia ng'ombe na kondoo kwa kazi yake. Akawapa wote wafanyabiashara wa kabila la Kalb ili wamchukue mpaka Arabuni. Watu wale walimdhulumu. Walipofika Wadil-Kura walimwuza kuwa mtumwa, na baadaye akanunuliwa na mtu wa Bani Kuraidha, akapelekwa Madina. Alipoiona mitende na mawe yale meusi, aliijua nchi aliyosimuliwa.

Mtume s.a.w. asikiliza

Mtume Mtukufu s.a.w. alipohamia kutoka Makka mwaka 622, Salman alikuwa juu ya mtende akimfanyia kazi bwana wake. Akaja binamu wa bwana yule, akawa akilalamika ya kwamba watu wamekusanyika Quba kumzunguka mtu aliyetoka Makka, wakimdai kuwa ni nabii. Salman alitetemeka hata nusura aanguke. Akashuka na kuuliza habari ile ni nini, naye bwana wake akampiga kofi kali na kumwamuru arudi kazini.

Jioni alichukua chakula kidogo alichokuwa amekiweka, akaenda Quba na kumpa Mtume s.a.w. kama sadaka. Mtume s.a.w. aliwaambia Masahaba wale, lakini yeye mwenyewe hakula. Siku nyingine alileta chakula kama zawadi, na Mtume s.a.w. akala pamoja nao. Mara ya tatu alimkuta katika makaburi ya Baki, amekwenda kumzika mmoja wa Masahaba. Salman akazunguka nyuma yake kuitafuta ile alama. Mtume s.a.w. alitambua anachokitafuta, akaishusha shuka yake. Salman alipoiona aliinama, akaibusu na kulia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. Mtume s.a.w. alimwambia azunguke aje mbele yake. Salman akaketi, akaeleza kisa chake tangu mwanzo: kijiji, moto, kanisa, minyororo, wazee, na utumwa. Mtume s.a.w. alipenda Masahaba zake nao wakisikie kisa kile.

Fikiri hali yenyewe. Yuko makaburini, katika mji ambao amehamia karibuni, watu wake hawana makao, na Makureshi hawajaacha uadui. Na huyu aliye mbele yake ni mtumwa wa mtu mwingine, mgeni kutoka nchi ya mbali. Angeweza kumpokea kwa neno moja jema na kumwachia mwingine ampatie mafundisho. Lakini alimsikiliza mpaka mwisho. Miaka mingi kabla ya hapo kijana mmoja alirudi nyumbani jioni akiwa na habari moyoni, na hakupata wa kumsikiliza. Habari ile ile, pamoja na yote yaliyoifuata, sasa ilipata sikio.

Miche mia tatu

Utumwa ulimzuia Salman asihudhurie Badr wala Uhud. Mtume s.a.w. alimshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bwana akataka miche 300 ya mitende ipandwe na ikamate, na tena wakia 40 za dhahabu. Kwa mtumwa, mali hiyo ilikuwa kama mlima.

Mtume s.a.w. aliwaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na mitano, huyu kumi, kila mtu kwa uwezo wake, mpaka ikatimia. Kisha alimwambia Salman achimbe mashimo, na akimaliza amwite. Masahaba walimsaidia kuchimba. Ndipo Mtume s.a.w. akaja mwenyewe, nao wakawa wakimpa mche mmoja mmoja, naye akiupanda kwa mkono wake. Salman amesimulia kwamba hata mche mmoja haukufa. Baadaye Mtume s.a.w. alipata kipande cha dhahabu mfano wa yai la kuku, akampa, na kwa hicho akalipa sehemu iliyobakia.

Mtu aliyepata kupanda mche ajua kwamba kazi hiyo haiendi kwa pupa. Shimo lataka kina chake, mizizi yataka kushikwa kwa upole, na udongo wataka kushindiliwa. Ukizidisha hayo mara mia tatu utaona ni saa ngapi zilitolewa na kiongozi wa umma kwa ajili ya mtumwa mmoja.

Mwaka 627 Makureshi na washirika wao walikuja na jeshi la watu wapatao 10,000, na Waislamu walikuwa kama 3,000. Imepokewa kwamba Salman ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki, kama ilivyokuwa desturi ya Waajemi wakizungukwa na adui. Kila watu kumi walipewa dhiraa arobaini. Salman alikuwa na nguvu, hivyo Muhajirina walimdai kuwa ni wao, na Ansari nao wakamdai kuwa ni wao. Mtume s.a.w. aliukata ubishi huo kwa kutangaza kwamba Salman ni katika watu wa nyumba yake. Basi mtu aliyekuwa hana kabila akapewa nyumba iliyo bora kuliko zote. Imesimuliwa kwamba baadaye, watu walipokuwa wakijivunia nasaba zao, yeye alijitaja kuwa ni mwana wa Uislamu.

Usiku mmoja kwa Abu Darda

Katika utaratibu wa undugu uliowekwa Madina, Mtume s.a.w. alimfungamanisha Salman na Hadhrat Abu Darda r.a., Mwansari wa kabila la Khazraj. Abu Darda alikuwa mfanyabiashara. Alichelewa kuingia katika Uislamu kuliko wengi wa jamaa zake, na baada ya kuingia alitaka kufidia siku zilizopotea. Alijaribu kuunganisha biashara na ibada, akaona haviendani kwake, akaiacha biashara. Mchana alifunga, usiku alisimama kusali.

Siku moja Salman alikwenda kumzuru. Akamkuta mkewe, Ummu Darda, amevaa nguo duni na hakujitengeneza. Akamwuliza ana nini. Mama yule hakumsengenya mumewe. Alijibu tu kwamba ndugu yake Abu Darda hana haja na dunia. Salman akaelewa. Katika neno hilo moja mlikuwa na miezi ya upweke.

Abu Darda akaja, akamkaribisha mgeni na kumwandalia chakula, akamwomba ale, kwani yeye amefunga. Salman akakataa kugusa chakula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye. Ile ilikuwa saumu ya sunna, hivyo Abu Darda akafungua, wakala. Ulipoingia usiku Abu Darda akataka kuondoka kwenda kusali. Salman akamwambia alale, naye akalala. Baada ya muda akataka kuondoka tena, akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, Salman mwenyewe alimwamsha, wakasali wote wawili. Ni baada ya hapo tu ndipo aliposema aliyoyakusudia: kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumba yake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Asubuhi Abu Darda alikwenda kwa Mtume s.a.w. kumweleza hayo, pengine akitumaini kupata upande wake. Mtume s.a.w. alithibitisha kwamba Salman amesema kweli.

Ndugu msomaji, kisa hiki chajulikana sana, na mara nyingi hutajwa kwa ajili ya yale maneno ya mwisho. Lakini mwangalie msemaji kabla hajasema. Salman aliyaona mavazi ya Ummu Darda. Mtu aliyepita mlangoni kwa salamu ya haraka asingeyaona. Baada ya kuyaona hakumkemea ndugu yake kizingitini. Alikaa, akala naye, akalala kwake. Mashauri yake yalichukua mchana mmoja na usiku mmoja, na sehemu kubwa ya mashauri hayo haikuwa maneno. Kwa kukataa kula peke yake alimwonyesha Abu Darda kwamba chakula si kushiba tu, ni kukaa pamoja. Kwa kumlaza alimrudisha nyumbani kwake.

Wala usidhani Salman aliipunguza ibada. Ni yeye aliyemwamsha mwenzake saa ya tahajudi. Hakuja kumwambia kwamba Mungu angoje kwa sababu mke anangoja. Alikuja kumwonyesha kwamba Yule aliyeamuru sala ndiye pia aliyeiweka haki ya mke, na hapati radhi Yake mtu anayelipa deni moja kwa kuiba fedha za deni jingine. Abu Darda hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwema mwenye bidii iliyosahau watu. Hatari hii huwapata zaidi wale walioipata imani kwa kuitafuta, kwa sababu wao huithamini kuliko wengine. Kama wewe ni mmoja wao, yafaa ujiulize je, mkeo akiulizwa leo habari zako, atajibu nini?

Njia ya kwenda Shamu

Mtume s.a.w. alifariki mwaka 632. Nchi zikafunguka, na ndugu hawa wawili wakatenganishwa. Abu Darda alikaa Damasko, akiwafundisha watu Kurani Tukufu, kisha akawa kadhi. Salman alikaa Iraki, katika Madain, mji mkuu wa zamani wa wafalme wa Uajemi uliotekwa mwaka 637, na baadaye akawa liwali wake. Hapo undugu wao ungeweza kufa pole pole, bila ugomvi, kama undugu mwingi ufavyo, kwa shughuli tu.

Haukufa. Waliandikiana barua. Abu Darda alimwandikia akimwita aje katika nchi takatifu. Salman akajibu kwamba nchi haimtakasi mtu, bali mtu hutakaswa na amali yake. Tena akamkumbusha juu ya kazi yake mpya: amesikia kuwa amekuwa tabibu wa kuwaponya watu, kama kweli anaponya, ni heri kwake, na kama ni mganga asiyejua dawa, basi ajihadhari asije akaua mtu na kuingia motoni. Ni rafiki wa kweli tu awezaye kumwandikia kadhi maneno hayo. Na yalimwingia Abu Darda. Imepokewa kwamba tangu hapo, akishawahukumu watu wawili nao wakageuka kwenda zao, huwaita warudi wamsimulie tena kisa chao, akijiita mwenyewe mganga asiyejua. Mtu aliyekuwa hana saa moja ya mkewe sasa aliwasikiliza wageni mara mbili.

Wala Salman hakuridhika na karatasi. Imepokewa kutoka nyumba ya Abu Darda huko Shamu kwamba Salman aliwazuru akitoka Madain kwa miguu, amevaa shuka na suruali fupi tu. Kutoka Madain mpaka Damasko ni zaidi ya kilomita 700 hata ukipima kwa mstari ulionyoka, na msafiri hawezi kuipita jangwa lile kwa mstari ulionyoka. Sisi twaona taabu kuvuka mitaa miwili kumjulia hali ndugu aliyekosa kuonekana msikitini Ijumaa mbili.

Sehemu tatu za dirhamu

Katika uliwali wake Salman alipewa posho ya dirhamu 5,000, naye akaitoa yote sadaka. Yeye aliishi kwa kusuka majani ya mitende, kama wasukavyo ukili mama zetu wa pwani. Alinunua majani ya dirhamu moja, akayasuka, akauza kwa dirhamu tatu. Moja aliirudisha katika kununua majani, moja ilikuwa ya watu wa nyumba yake, na moja aliitoa sadaka. Waona kwamba fungu la jamaa halikuwa makombo ya sadaka. Lilisimama sawasawa na sadaka.

Siku moja mtu aliingia kwake akamkuta liwali akikanda unga. Alipostaajabu, Salman alieleza kwamba mtumishi ametumwa kazi nyingine, naye hapendi kumkusanyia kazi mbili. Na alipooa mwanamke wa kabila la Kinda, imesimuliwa kwamba aliikuta nyumba imefunikwa mapazia pande zote, akataka yaondolewe yote isipokuwa la mlangoni. Asubuhi rafiki zake walipomwuliza amemwonaje mkewe, aliwageuzia uso, kisha akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ameweka milango na mapazia ili yaliyo ndani yasitiriwe. Pambo alilikataa, lakini siri ya nyumba aliilinda.

Miski ya saa ya mwisho

Hadhrat Salman alifariki Madain katika ukhalifa wa Hadhrat Uthman r.a., kama mwaka 656. Alipokuwa mgonjwa Hadhrat Saad bin Abi Wakkas r.a. alikwenda kumtazama, akamkuta akilia. Hakulia kwa kuogopa mauti. Alilia kwa sababu Mtume s.a.w. aliwausia wasichukue katika dunia zaidi ya akiba ya msafiri, naye akihofu kuwa amezidisha. Mali yote aliyoiacha ilikisiwa kuwa dirhamu ishirini na kidogo.

Miski aliyokuwa ameipata katika vita aliiweka kwa mkewe, asiitumie, mpaka siku hiyo. Akamwomba ailete, aichanganye na maji na kuinyunyiza pembeni mwa kitanda chake, na aifungue milango, kwa sababu watakuja wageni wasiokula chakula ila hupata harufu nzuri. Mkewe akafanya kama alivyoombwa, akashuka, na aliporudi baada ya kitambo kidogo akamkuta amekwisha kuondoka. Kaburi lake liko karibu na Baghdad, katika mji ambao mpaka leo waitwa Salman Pak.

Ndugu msomaji, mtu huyu alifungiwa mlango na baba yake, akatangatanga, akauzwa, na alikufa milango ikiwa wazi kwa amri yake mwenyewe. Kila aliyempenda alimpa wakati: wazee wake mpaka pumzi ya mwisho, ndugu yake usiku kucha na mwendo wa mamia ya kilomita, na watu wa nyumba yake theluthi ya kazi ya mikono yake. Hakuona kuwa saa hizo ameziiba katika dini.

Basi chagua jioni moja katika juma hili. Usiwaambie watu wa nyumbani kwako kwamba una dakika chache. Keti, kula pamoja nao chakula kingali moto, uulize habari, na ungoje jibu mpaka liishe. Kama mama yako au rafiki yako hakubaliani na dini uliyoichagua, usiende kwake na hoja tu, nenda ukakae. Na usiku utakapofikia sehemu yake ya mwisho, amka usali, na umwamshe pia aliye karibu nawe.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake, na azijaze nyumba zetu rehema na upendo. Amin.